Kwenda kwa Pwani, Kurudi kwa Reli: Maili Saba za Bububu

Stesheni ya Gare du Midi, Brussels, ni mahali ambapo familia zetu nyingi zilizoko Ulaya hupishana. Anayetoka London hushukia hapo. Anayekwenda Paris, Köln au Amsterdam hubadilisha treni hapo. Panapotokea arusi au msiba upande mmoja, jamaa wa upande wa pili huamkiana katika ukumbi wake, huku mabegi yakiwa chini na macho yakiwa kwenye ubao wa saa. Watoto waliozaliwa huko huichukulia reli kuwa ni kitu cha Wazungu tangu asili. Wakiambiwa kwamba Unguja nayo ilikuwa na gari la moshi, na kwamba lilikuwa likipita mbele ya Beit al-Ajaib hadi Bububu, wengine hudhani mzee anatania.

Mzee hatanii. Unguja ilikuwa na reli, tena mbili, na ya kwanza ilitangulia reli zote za bara la Afrika Mashariki. Mabaki ya hiyo ya pili bado yanaweza kufuatwa kwa miguu. Katika makala haya tunapendekeza safari ya mzunguko: kutoka Forodhani kwenda Bububu kwa njia ya pwani, kisha kurudi mjini kwa kufuata ilipopita reli. Ni maili saba kwenda na maili saba kurudi, kama kilomita ishirini na mbili kwa jumla. Aliye mzima wa miguu ataimaliza kwa siku moja akianza baada ya sala ya alfajiri. Tumeipanga hivi kwa sababu: njia ya pwani ni ya majumba, njia ya reli ni ya mawe yaliyotoka katika majumba, na historia ya watu wetu haisomeki vizuri ukiisoma upande mmoja tu.

Reli mbili za kisiwa kimoja

Treni ya kwanza ya abiria katika bara la Ulaya, ukiiacha Uingereza, iliondoka Brussels kwenda Mechelen tarehe 5 Mei 1835. Wakati huo Sayyid Said bin Sultan alikuwa tayari ameshajenga Mtoni. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1875, mwanawe Sayyid Barghash alisafiri kwenda Uingereza, akapita na Paris. Alipanda treni, akatembezwa viwandani, akaona namna mji mkubwa unavyopata maji na taa. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said, aliyefuatana naye, na kitabu chake ni katika hati za mwanzo ambamo Ulaya inaelezwa kwa jicho la mtu wa pwani yetu.

Aliporudi, Sayyid Barghash hakukaa na hadithi tu. Alinunua meli, akaleta mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu, akavuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, akajenga Beit al-Ajaib. Miaka ya mwisho ya 1870 akatandika reli kutoka mjini kwenda kwenye jumba lake la Chukwani, kusini ya mji. Mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Kisha mnamo 1881 akaagiza kichwa cha treni cha mvuke kutoka kwa Bagnall, watengenezaji wa Uingereza. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka kumi kabla ya Wajerumani kuanza reli ya Tanga mwaka 1893, na kabla ya Waingereza kuanza ile ya Mombasa mwaka 1896. Sayyid Barghash alifariki mwaka 1888, na reli yake haikuishi muda mrefu baada yake. Ilikuwa reli ya mtu mmoja, na alipoondoka mwenyewe ikaondoka naye.

Ya pili ilikuwa na tabia nyingine. Ilijengwa mwaka 1904 na 1905, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud, na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopewa kibali cha kuingiza umeme mjini. Mwaka 1911 serikali ya Unguja, ambayo kwa wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, ikainunua. Stesheni yake ya mjini ilikuwa mbele ya Ngome Kongwe. Kutoka hapo treni ilipita Forodhani, ikaingia Malindi, ikavuka kuelekea mashamba ya kaskazini na kukomea Bububu.

Kwa hiyo ile kauli ya mkato kwamba "Mwingereza alituletea reli" haisimami. Ya kwanza ililetwa na Sultani kwa fedha zake, ya pili ilijengwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, na Mwingereza aliikuta. Alipoichoka, aliiacha.

Kwenda: njia ya majumba

Tuanze Forodhani. Bustani ambayo leo watu hukaa jioni wakila mishikaki na kunywa maji ya miwa ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya Sayyid Khalifa bin Harub. Kabla yake hapo palikuwa pa mizigo, forodha na reli. Anayekaa leo kwenye ukingo wa bustani akiitazama Ngome anatazama ilipokuwa stesheni.

Tukielekea kaskazini tunapita mbele ya Beit al-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Pembeni yake palikuwa na Beit al-Hukm, iliyovunjwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikutimia saa moja. Mbele zaidi ni Zahanati ya Kale ya Tharia Topan, iliyowekwa jiwe la msingi mwaka 1887. Baada ya hapo bandari inatuzuia kufuata maji, nasi tunaingia ndani kupitia Malindi na Funguni. Zamani hapa palikuwa na hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yakijaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Sasa hori limejazwa, na wanaopita Darajani hawaoni tena kilichofanya paitwe hivyo.

Upande wa pili, Gulioni, ipo nyumba ya zama za Sayyid Majid aliyoishi David Livingstone mwaka 1866, alipokuwa akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara. Wageni huioneshwa kwa jina lake. Wachache huambiwa kwamba mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Sayyida Salme binti Said aliondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza, asirudi tena kuishi.

Baada ya hapo pwani inafunguka. Maji yakiwa yamekupwa tunaweza kushuka mchangani, na kushoto kwetu tunaviona visiwa vya Changuu na Chapwani. Maruhubi tunapokelewa na mikoko, na majahazi yaliyopandishwa pwani kutiwa kalafati. Nyuma ya miembe zimesimama nguzo nene za jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, ambalo liliungua mwaka 1899. Hamamu lake bado lipo, na birika lake la maji lina mayungiyungi. Nguzo zilizobaki hazibebi kitu, na ndiyo maana wapigapicha huzipenda.

Mbele kidogo ni Mtoni, jumba kongwe kuliko yote ya masultani katika kisiwa. Hapa ndipo Sayyida Salme alipozaliwa mwaka 1844, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha ya ndani ya jumba hili yanatoka katika kitabu chake alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza ua uliojaa tausi, paa na mbuni. Hamamu zilizojaa watu tangu asubuhi. Na baraza la mbao lililoelekea baharini, ambalo baba yake alikuwa akikaa kutazama merikebu zake. Anaeleza pia kwamba waliokaa katika jumba hilo, kwa kuwahesabu wote, walifika elfu moja.

Katika elfu hiyo walio wengi walikuwa watumwa, na hili tunalisema wazi kwa sababu jarida letu linasomwa na familia zilizorithi majina ya majumba haya. Mawe ya matumbawe yaliyojengea Mtoni na Maruhubi yalichongwa, yakabebwa na kupangwa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hukumu ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, miaka minane tu kabla ya treni ya kwanza kwenda Bububu. Waliopanda treni hiyo mwaka 1905 walikuwamo waliozaliwa watumwa na waliozaliwa mabwana, na maili saba zilikuwa zilezile kwa wote.

Kutoka Mtoni kwenda juu, mwenda kwa miguu hawezi kuifuata pwani moja kwa moja. Yapo maghala ya mafuta, yapo maeneo ya askari wa majini Kibweni, na ipo Ikulu ya Kibweni, iliyojengwa mwaka 1915 kwa ajili ya Sayyid Khalifa. Tunapanda barabarani, kisha tunashuka tena panaporuhusu. Katikati ya hapo ni Beit al-Ras. Sayyid Said alianza kulijenga jumba hili mwaka 1847 kwa ajili ya watoto wake, kwa kuwa Mtoni hapakuwatosha tena. Alifariki baharini mwaka 1856 kabla halijamalizika, na waliomrithi hawakuliendeleza. Leo pamebaki sehemu ya baraza yake ndani ya viwanja vya chuo. Shule ilijengwa hapo mwaka 1947. Tuliweke akilini jumba hili, maana tutalikuta tena tukirudi.

Bububu na jina lake

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Bububu pameitwa hivyo kwa mlio wa treni: bu-bu-bu, ikifika stesheni. Ni hadithi nzuri ya kumwambia mtoto, lakini tarehe zinaikataa. Sayyida Salme alikuwa na shamba na nyumba Bububu kabla ya kuondoka kwake mwaka 1866, na anapataja kwa jina hilo katika kitabu chake cha 1886. Anapataja kwa mapenzi kuliko mahali pengi: nyumba iliyokaribiana na bahari kiasi cha kusikia mawimbi, na majirani wa kutembeleana kila siku. Aliiacha baada ya kaka yake kutaka apewe balozi wa Kiingereza, akahamia mjini, na huko mjini ndiko maisha yake yalikobadilika. Basi jina lilikuwapo miaka arobaini na zaidi kabla ya reli.

Maelezo mengine ya jina ni sauti ya maji yanayobubujika, na haya yana nguvu zaidi kwa sababu chemchemi zipo. Ndizo alizozitumia Sayyid Barghash kuupa mji maji safi, katika mji ambao mara nyingi ulishapigwa na kipindupindu. Tukiliweka hivyo tunaona mpangilio wa mambo: kitu cha kwanza kusafiri kutoka Bububu kwenda mjini bila ya punda wala mashua kilikuwa maji, ndani ya mfereji. Watu na mizigo walifuata baadaye, juu ya chuma. Kabla ya hapo aliyetaka kwenda mjini kutoka Mtoni au Bububu alipanda punda, au alisubiri upepo na mashua.

Kurudi: njia ya mawe

Tukigeuka Bububu kurudi mjini tunaishika barabara kuu, maana reli ilikwenda nayo sambamba kwa sehemu kubwa. Vyuma vimeng'olewa zamani. Lakini ardhi haisahau haraka. Penye bonde au kijito, mwenye jicho la kutafuta huona kando ya barabara tuta lililonyooka kuliko linavyonyooka tuta la mvua, na mabaki ya madaraja madogo ambayo hayabebi tena kitu. Watoto hupita juu yake kwenda chuoni, na migomba imeota palipokuwa na mataruma.

Mawe yaliyotumika kuijenga reli yalihitaji kutoka mahali. Inasimuliwa, na vitabu vya maelezo ya kisiwa vinaikariri habari hiyo, kwamba sehemu kubwa ya mawe ya Beit al-Ras yalivunjwa na kuchukuliwa kwa ujenzi wa reli. Jumba lilikuwa limesimama nusu kwa takriban miaka hamsini, halina wa kulimalizia wala wa kulidai. Kwa mjenzi wa reli, hilo lilikuwa machimbo yaliyokwishachongwa. Kwa hiyo anayeutembea mzunguko huu huona kitu kimoja mara mbili: akienda, huona baraza ya jumba lililopungua, akirudi, hutembea pembeni mwa pale lilikopungukia.

Reli yenyewe ilikuwa na maisha mafupi. Ilipita karibu mno na nyumba za watu, tena ndani ya mji wa vichochoro. Ilibeba wenye mashamba waliokaa nje ya mji, wachuuzi na mazao yao, watumishi wa serikali, na abiria wa meli waliotaka kuona minazi na mikarafuu kabla nanga haijang'olewa. Kilichoishinda ni barabara. Motokaa zilipoongezeka, mtu hakuona haja ya kungoja saa ya treni, na katika miaka ya 1920 reli iliacha kuchukua abiria. Kwa muda iliendelea kubeba mawe ya kujazia pwani wakati wa kazi za bandari ya Malindi. Kisha ikaondolewa kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyomalizika: jumba lilijenga reli, na reli ikajenga bandari. Nayo bandari hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa familia nyingi miaka ya 1964 na baadaye, walipoondoka kwa meli na majahazi, wengine kwenda Maskati na Dubai, wengine Mombasa na Dar es Salaam, na wengine hatimaye kufika miji ambayo treni zake hukutana Gare du Midi. Hatusemi hayo kwa kutafuta mafumbo. Ni mpangilio wa kazi na mawe, na kila hatua yake ina tarehe.

Mfano wa Tervuren

Wasomaji wetu walioko Brussels wanao mfano karibu yao wa namna reli iliyokufa inavyoweza kutunzwa. Reli ya kutoka Brussels kwenda Tervuren, iliyofunguliwa katika miaka ya 1880, ilifungwa mwaka 1958. Sehemu yake inayopita Woluwe imegeuzwa kuwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, chini ya miti, na madaraja yake yameachwa. Watu huipita kila siku bila ya tiketi, na vibao huwaambia walipo.

Mfano huo una funzo jingine, zito zaidi. Tervuren ndipo mfalme Leopold II alipofanya maonyesho ya Kongo mwaka 1897. Watu 267 waliletwa kutoka Kongo, wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba kati yao walifariki, na makaburi yao yapo pembeni mwa kanisa la huko. Na mradi mzima wa Leopold ulipita kwetu: jumuiya aliyoianzisha Brussels mwaka 1876 ilipeleka wasafiri wake wa kwanza Unguja mwishoni mwa 1877, kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine wa kuajiri wapagazi na kununua nguo na shanga za safari. Wawili katika wasafiri hao, Crespel na Maes, walifia Unguja Januari 1878 kabla hawajakanyaga bara. Kwa hivyo njia ya miguu iliyo nzuri inaweza kumfikisha mtu penye habari mbaya, na hiyo si sababu ya kuifunga. Kwa maoni yetu, ni sababu ya kuweka kibao.

Kinachotakiwa kwetu

Kwa upande wa Bububu vibao hivyo havihitaji fedha nyingi. Vinahitaji watu kukubaliana viseme nini. Mbele ya Ngome: hapa ilikuwa stesheni. Beit al-Ras: mawe ya jumba hili yalipokwenda. Mtoni na Maruhubi: nani alikaa na nani alijenga. Bububu: jina, chemchemi na mwisho wa reli. Kila mwaka barabara inapopanuliwa kipande cha tuta hupotea, na aliyekijua hupungua. Hakuna tena aliye hai aliyepanda treni ile akiwa mtu mzima. Waliobaki ni waliosimuliwa na mama na bibi zao, nao pia wanazeeka, wengi wao wakiwa mbali na kisiwa.

Ndiyo maana tunaliweka ombi letu kwa familia. Katika makasha yaliyobebwa mwaka 1964 na baadaye zimo picha za Forodhani zenye kipande cha reli pembeni, ambazo mwenye nazo anazithamini kwa sababu ya babu aliyesimama katikati. Zimo barua zinazotaja "gari la Bububu" kwa neno moja tu, na hati za mashamba zinazotumia reli kuwa mpaka. Hati za namna hiyo, ziwe za Kiarabu au za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zina thamani kubwa kwa mtafiti, kwa kuwa zinaweza kutuonesha mstari wa reli ulipita shamba gani kwa shamba gani. Hatuombi asili, nakala iliyosomeka inatosha, pamoja na jina la mahali na mwaka ukijulikana.

Na kwa anayekwenda Unguja na watoto likizoni, tunashauri siku moja itengwe kwa mzunguko huu. Wachukue maji ya kunywa, wavae viatu vya kutembelea na waangalie ratiba ya maji kujaa na kupwa. Waende kwa pwani wangali na nguvu, wapumzike Bububu, warudi kwa reli. Mtoto atauliza kwa nini wanapita kando ya barabara yenye daladala na vumbi badala ya kurudi ufukweni. Aoneshwe tuta, aambiwe mawe yake yalitoka wapi, na nani aliyachonga.